Msomaji ni mmoja au ni baraza?

Mwaka jana niliandika makala kuhusu gharama za mazishi huku kwetu magharibi mwa Kenya. Mambo yenyewe yanajulikana: hema la kukodi, viti, gari la kuleta mwili kutoka Nairobi, ng'ombe wa kuchinja, muziki wa usiku kucha, na muhula ukifunguliwa watoto wa marehemu wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Katikati ya makala niliweka sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Unauza mtamba wako wa pekee kuwalisha watu ambao marehemu alipokuwa mgonjwa hawakumletea hata uji."

Shangazi yangu anayeishi Ugunja aliisoma kwenye simu ya binti yake. Jioni akanipigia, na hakuanza na salamu.

"Nyathina, hii barua umeniandikia mimi?"

Alikuwa ameuza mtamba alipomzika mumewe. Nilikuwa nimesahau, ingawa mazishini nilikuwepo na nyama nilikula.

Nikamweleza kwamba simsemi yeye, nasema na watu wote. Akaniuliza: kama ni watu wote, mbona nimeandika "unauza" na si "mnauza"? Shangazi hakupita darasa la saba, lakini swali lake ndilo ambalo kikundi chetu kidogo cha waandishi hapa Kisumu kimelizozania kwa miezi kadhaa. Tunapoandika makala, msomaji ni mtu mmoja au ni baraza?

Wanaotetea umoja wana hoja nzito. Makala husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na siku hizi zaidi ya zamani: abiria amebanwa ndani ya matatu ya Kondele, simu mkononi, kidole kikisukuma maandishi juu. Huyo hajioni kuwa sehemu ya umati. Ukimwambia "ninyi" atageuka kutazama nyuma, aone hao wengine wamekaa wapi.

Tena, wanasema, lugha yenyewe imeshaamua. Karatasi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hupelekwa kwa mamia ya maelfu ya watahiniwa, toka Mandera hadi Busia, na bado maagizo yake huwa kwa umoja: andika jina lako na nambari yako, jibu maswali yote. Sijawahi kumsikia mtahiniwa akilalamika kwamba amevunjiwa heshima. Maelezo ya mapishi ni vivyo hivyo. Omena zichambue, zioshe kwa maji ya moto, zikaange mpaka zikauke, ndipo uweke kitunguu na nyanya. Jaribu kuyaandika hayo kwa wingi, "zichambueni, zioshenimo, zikaangeni", uone kama ulimi wako hautajikwaa (mimi wangu umejikwaa hapo hapo, "zioshenimo" si neno). Na hata ukipatia, jiko la mama mmoja wa Nyalenda litakuwa limegeuka jiko la shule ya bweni.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa fasihi, hupenda kutukumbusha Utendi wa Mwana Kupona. Mwaka 1858 mama huyo alimtungia binti yake wosia. Anamwita aketi karibu, achukue wino na karatasi, kisha anasema naye peke yake, na zaidi ya miaka 160 baadaye wosia ule unasomwa na watu ambao si wanawe wala wajukuu zake. Kwa mwalimu huyu, hiyo ndiyo siri: sema na mmoja kwa dhati, wengine watakuja wenyewe kusikiliza mlangoni. Nakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Ila huwa anasahau kwamba karibu na mwisho Mwana Kupona anawageukia wanawake wengine na kuwaambia, kwa wingi, nao wasome. Ni kama aliona mwenyewe kwamba maneno yamekuwa makubwa kuliko sikio moja.

Upande wa pili katika kikundi chetu huchekwa kama watu wa zamani. Si haki. Wanasema, kwanza, kusoma peke yako si desturi ya kila mahali. Simama kwa muuza magazeti yeyote katikati ya mji asubuhi: mmoja amenunua, watano wanasoma, na wa sita hajui habari inahusu nini lakini ameshaanza kubisha. Makala ya simu nayo husomwa kwa sauti kwa kinyozi, kwa mama mboga, kwenye kikao cha chama. Mahali kama hapo "unauza mtamba wako" ni kidole kilichonyooshwa, na kila aliyepo anatazama kimemwelekea nani.

Pili, na hili lina uzito zaidi kwangu, kuna "wewe" ya Kiswahili chetu cha mitaani. Ukilisikia neno hilo barabarani, mara nyingi halijaleta heri. "Wewe! Toa hiyo bodaboda hapo!" "We, unasukuma nani?" Mtu mzima haitwi wewe. Ni mzee, mama, mwalimu, baba fulani, jaduong', nyar Ugenya. Hata shuleni tulifunzwa kwamba hotuba huanza kwa kupanga watu: mwalimu mkuu, walimu, wazazi, wanafunzi wenzangu, hamjambo? Kila mmoja amewekwa kwenye kiti chake kabla jambo lenyewe halijasemwa. Mwandishi hana nafasi hiyo. Kijana wa miaka 26 anaandika, mzee wa miaka 70 anasoma, na heshima yote ambayo ingebebwa na jina la udugu au la cheo imeachiwa kiambishi cha herufi moja.

Kwa hiyo, wanasema, andika kwa wingi. Wingi haumtaji mtu. Aliyekosa atajijua, asiyekosa atapita.

Hapa ndipo ninapoachana na wazee wangu, maana wingi una shimo lake, nalo si la adabu bali la sarufi. Kiambishi -wa- kinafanya kazi mbili. Chukua habari kama hii: "Madaktari wamegoma. Tutawaeleza sababu." Nani ataelezwa, wasomaji au madaktari? Sentensi haisemi. Umoja haukwami hivyo: "tutakueleza" ni wewe, "tutamweleza" ni yeye, basi. Wajuzi wa lugha wana dawa ya siku nyingi, nayo ni kuongeza -ni mwishoni: tutawaelezeni. Ni dawa nzuri kinywani. Kwenye makala ya maneno elfu moja inakuwa kengele, kila aya inalia ni, ni, ni, kama mhubiri wa stendi ya mabasi.

Na sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kuliangukia shimo hilo. Dholuo, lugha ya Waluo, hutenganisha: awachonu ni nawaambia ninyi, awachonegi ni nawaambia wao. Mwandishi anayewaza kwa Dholuo huandika "nawaambia" akiwa ameshajua kichwani ni akina nani, wala hashtuki kwamba msomaji wa Nakuru hakupewa ile -nu ya mwisho. Nimehariri makala za aina hii. Mwandishi ukimuuliza "unawaambia nani hapa?" anakutazama kama umeuliza jua linachomoza wapi.

Nikipima, naona wanaotetea heshima wamelishika tatizo la kweli, ila wamelishika mkia. Kinachoudhi mara nyingi si umoja. Ni neno "wewe" lenyewe kumwagwa ovyo. Kiswahili hakilihitaji kila mara: u- ikishakaa kwenye kitenzi msomaji ameshajua anasemeshwa, na "wewe" huja kwa mkazo, kumtenga mtu na wengine. Sasa tazama makala za ushauri wa biashara na afya zinavyoandikwa siku hizi: "Wewe unaweza kubadilisha maisha yako wewe mwenyewe kama wewe utaamua." Aliyeandika hivyo aliwaza kwa Kiingereza, ambako kitenzi hakitembei bila kiwakilishi, akaingia nayo kwenye Kiswahili bila kuvua viatu. "Ukiamua, maisha yako yatabadilika" inasema lilelile na hakuna aliyepigiwa kelele. Amri nazo zina ngazi. "Soma hapa" ni ya mwalimu kwa mwanafunzi. "Usome hapa" imelainika. "Hebu soma hapa" ni ya jirani kwa jirani. Mwandishi anayezijua ngazi hizi anaweza kumwandikia mzee wa miaka 70 kwa umoja toka mwanzo hadi mwisho, na mzee asihisi kuguswa bega.

Lakini hayo yote hayaniokoi kwa shangazi. Sentensi yangu haikuwa na "wewe" hata moja.

Nilichokosea nilikuja kukiona kwenye methali. Zile zinazoonya kabla ya kosa mara nyingi humkabili mtu uso kwa uso: usipoziba ufa utajenga ukuta, usiache mbachao kwa msala upitao. Zile zinazosuta huhamia kwa mtu asiye na jina: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Igeuze hiyo ya mwisho umwambie mtu, "usipofunzwa na mamako utafunzwa na ulimwengu." Hapo umetoka kwenye methali, umeingia kwenye ugomvi, na mama wa watu umemtaja. Mpaka huu haukunyooka kote, najua. Mtaka cha mvunguni hajakosa lolote, anashauriwa tu ainame, na bado anatajwa kana kwamba hayupo. Hata hivyo mwelekeo uko wazi kiasi cha kunifaa mimi: ushauri huvumilia u-, suto hailivumilii. Sentensi yangu ya mtamba ilikuwa suto iliyovaa nguo za ushauri.

Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, aliishi kwa mbinu hii. Kuanzia 1966, kwa zaidi ya nusu karne, kipindi chake cha redio "Je, Huu ni Ungwana?" kilizisema tabia mbaya za Wakenya bila kumgombeza msikilizaji. Tabia ya watu fulani inaelezwa, kisha swali linaachwa mezani: je, huu ni ungwana? Nyumbani kwetu watu wazima walikuwa wakicheka, halafu mmoja wao ananyamaza ghafla. Sisi watoto tulijua huyo amekumbuka kitu.

Wapo wanaodhani "sisi" ndiyo njia ya katikati. "Tupunguze gharama za mazishi." Hakuna aliyenyooshewa kidole, mwandishi mwenyewe yumo ndani. Naipenda, na ninaiogopa. Kiswahili hakina namna ya kutenganisha "sisi" ya mimi nawe na "sisi" ya mimi na wangu bila wewe, kwa hiyo ni neno jepesi kukopa hata ukiwa huna haki nalo. Mtu anayekaa Milimani akiandika "tuache kutupa taka kwenye mitaro" wakati maji ya mto Auji yakifurika yanaingia nyumba za Nyalenda na si yake, hiyo "tu-" imebeba nini? Msomaji wa Nyalenda anajua hapo "tu" maana yake ni "m", tena "m" isiyo na ujasiri. Anasoma kama anavyosikiliza mwanasiasa akisema "tutafunga mikanda" akiwa ameshashiba. Kwenye makala ya mazishi ningeweza kuitumia kwa haki, kwa sababu nyama nilikula. Sikufikiria.

Matangazo ninayaacha nje ya mzozo huu. Mnaalikwa, wananchi wanaombwa, wanachama mnakumbushwa: huko baraza ni baraza kweli. Na kuhusu "mpenzi msomaji" sina mengi. Ni salamu ya mlangoni, ina adabu yake ikisemwa mara moja. Ikirudi kila aya ya tatu, msomaji huanza kujiuliza anakaribia kuombwa nini.

Ile sentensi niliiandika upya kabla makala haijachapishwa tena kwenye jarida la chama chetu: "Kuna mtu atauza mtamba wake wa pekee kuwalisha watu ambao marehemu alipokuwa mgonjwa hawakumletea hata uji." Wenzangu wa upande wa umoja walisema imepoa, imekuwa uji wenyewe. Wa upande wa wingi walisema afadhali. Mimi nikampelekea shangazi kwanza.

Alinipigia kesho yake, safari hii na salamu zote, akauliza habari za watoto, za kazi, za mvua huku Kisumu. Kisha akasema, "Sasa umeandika vizuri. Na huyo mtu namjua. Anakaa boma la pili kutoka kwangu."