Kofia Ngumu Iwe na Bei Yake

Ukitaka kujua kama saiti ya Kampala ina usalama, usisome ubao wa getini. Zunguka nyuma, upande usioonekana kutoka barabarani, uangalie jukwaa la plasta. Mara nyingi utakuta miti ya mkalitusi iliyopigwa misumari haraka haraka, ubao mmoja wa kukanyagia, na fundi ghorofa ya nne na karai lake, hana mkanda wala kamba. Huyo si mtu wa kampuni iliyoandikwa ubaoni. Ni wa kontrakta mdogo, aliyechukua kazi ya leba tu, yaani nguvu kazi bila saruji wala mchanga, kwa mita ya mraba.

Sisi makontrakta wadogo tunasemwa kwamba hatufuati sheria, na mengi yanayosemwa ni kweli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bure. Tangu marekebisho ya 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kumchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: asilimia 10 ya mwajiri, 5 ya mfanyakazi. Ukiwalipa vijana mkononi kila Jumamosi, wewe ni mwajiri, upende usipende.

Lakini hebu tuifuate pesa. Kurasa za mwanzo za BOQ, ile orodha ya kazi za mradi na bei zake, kabla hujafika kwenye zege na matofali, zina uzio, maji ya saiti, walinzi, vyoo, na mara nyingi usalama. Mwenye jengo anaulipia. Pesa ikifika kwa kontrakta mkuu, haishuki tena. Mimi nikiitwa, tunajadili plasta peke yake: "Mzee, kuna jamaa atafanya kwa chini ya hapo." Jamaa huyo amepunguza nini? Saruji si yake, mchanga si wake. Kilichobaki ni ujira wa vijana na kofia zao.

Bei ikishabanwa, ndipo barua inakuja: lete hati ya NSSF, lete bima, lete sera ya usalama. (Sera yenyewe, tusidanganyane, wengi tunanakili ya mwenzetu na kubadilisha jina la kampuni.) Malipo nayo yanakuja yamekatwa asilimia 6 ya URA, mamlaka ya mapato, na sehemu nyingine imezuiliwa mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe. Buti tutanunua na nini?

Maoni yangu: usalama uwe na mstari wake ndani ya mkataba mdogo, ule wa kontrakta mkuu na sisi, na bei yake isiguswe kwenye mapatano. Jukwaa liwe la kontrakta mkuu, kwa sababu leo anapanda mtu wa plasta, kesho wa rangi, keshokutwa wa madirisha. Najua kuna wenzangu watakaoitafuna hiyo pesa. Basi tusipewe pesa. Tupewe kofia, buti na mikanda kutoka stoo, tusaini, na tukipoteza tukatwe.

Wanaoona hilo ni ghali wapige hesabu nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema mfanyakazi akifa kazini na kuacha wategemezi, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Kwa kijana wa shilingi 600,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 36. Kontrakta wa leba asiye na bima hana pa kuzitoa, hata akiuza boda boda yake na kiwanja chake.