Kikundi Nakipenda, Lakini Sahani Ni Yangu

Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita, sebuleni kwa mwenyekiti wetu huko Umoja, Nairobi, nilitamka neno nililokuwa nimelimeza kwa miezi miwili: "Mimi ugali siachi."

Tuko wanawake tisa katika kikundi cha kupunguza uzito. Mizani huwekwa karibu na mlango, juu ya sakafu tupu, kwa sababu kwenye zulia inadanganya. Kila mmoja anavua viatu, anavua hata kitambaa cha kichwa, anapanda, katibu anaandika. Ukiongeza uzito unatoa shilingi 100. Hayo tuliyakubali siku ya kwanza na sina kinyongo nayo. Mengine yalituingilia kwa mlango wa nyuma. Mmoja wetu alileta habari za jirani aliyepungua kilo tano kwa kuacha vyakula vyote vya wanga, na wiki hiyohiyo ikawa sheria: ugali marufuku, chapati marufuku, viazi marufuku, na chakula cha jioni kipigwe picha na kutumwa WhatsApp kabla ya saa tatu usiku. Hakuna aliyeuliza swali. Nami nilinyamaza.

Kazi yangu ni ya kusimama kutwa, katika duka la vitambaa Biashara Street. Nikishuka matatu saa moja na nusu jioni, baada ya msongamano wa Jogoo Road, nina njaa ya kweli. Nilikuwa nasonga ugali wa watoto, najipakulia managu na vipande viwili vya nyama, napiga picha, natuma. Wenzangu wananipigia makofi. Watoto wakishalala narudi jikoni, nasimama kando ya jiko bila kuwasha taa, nakula ugali uliobaki pamoja na ukoko wa sufuria, mpaka kijiko kinakwangua chuma. Mezani ningetosheka na tonge chache. Pale gizani nilikula chakula cha watu wawili. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha ugali kwa wiki sita huku mizani ikinitoza faini kila Jumamosi.

Sheria ile ilipata nguvu kwa sababu wiki mbili za kwanza karibu wote tulishuka. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka kilo mbili, mtu anashangilia, na mafuta aliyokuja kuyapunguza bado yako kiunoni. Akila chapati moja kwa shemeji yake, maji yanarudi, na Jumamosi anahesabiwa mkosaji. Mama mmoja alishuka kwenye mizani akilia kwa sababu ya nusu kilo.

Wakati huohuo sukuma wiki tulizozipiga picha kwa fahari zilikuwa zinang'aa mafuta. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na wengi wetu tunamimina kutoka kwenye mtungi kwa kukadiria kwa macho. Hilo halikuwa na faini. Tuliunyanyasa ugali, mafuta yakapita.

Huenda ningeendelea kunyamaza kama si dada mmoja kati yetu ambaye anajidunga insulini. Pendekezo la kuruka chakula cha jioni lilipokuja, aliitikia kwa kichwa kama sisi wengine. Tulipokuwa tukishuka ngazi alinishika mkono akaniambia usiku uliopita, kwa kufuata sheria yetu ya kuacha wanga, alitetemeka na kulowa jasho, mumewe akamnywesha maji ya sukari. Anayetumia insulini akikosa wanga au mlo, sukari ya damu inaweza kushuka hadi azimie. Nilimuuliza mbona hakusema. Akanijibu, "Sikutaka waone najitoa." Nilimsindikiza mpaka steji nikimsihi asiruke mlo wowote kabla ya kuonana na daktari wake. Usiku ule sikulala vizuri. Mtu mzima, mwenye akili zake, alihatarisha maisha ili asionekane mkaidi mbele ya marafiki.

Kwa hiyo Jumamosi ile nikaomba nafasi.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Mimi ugali siachi. Nitakula wa ukubwa wa ngumi yangu hii, na mboga nusu ya sahani. Mafuta nitapima kwa kijiko. Nikiongeza uzito nitatoa mia yangu. Ila picha za sahani yangu situmi tena."

Kimya. Kisha mmoja akauliza, "Sasa kila mtu akijifanyia lake, kikundi kina kazi gani?"

Ni swali la haki, na nimelifikiria sana. Mwaka 1961, mama mmoja wa Queens, New York, aliyeitwa Jean Nidetch, aliwaita marafiki sita nyumbani kwake akawaungamia kwamba biskuti zinamshinda na kwamba anazila kwa siri. Nao wakasema yao. Kutoka kwenye mikutano hiyo ya sebuleni ilizaliwa Weight Watchers, kampuni ya kusaidia watu kupunguza uzito, mwaka 1963. Kilichowakutanisha ni mtu kusema ukweli kuhusu mdomo wake bila kuogopa. Kikundi chetu kilikuwa kimefika pabaya: tulikuja kila wiki kudanganyana vizuri zaidi. Kazi ya kikundi ni kunitoa kitandani Jumapili alfajiri tutembee msitu wa Karura, kunipigia simu nikikata tamaa, kunijulisha ni mama mboga yupi ana terere safi. Kunichagulia chakula sikukipa ruhusa hiyo, na sitakipa.

Msimamo huohuo naubeba hata nje ya kikundi, na huko ni kugumu zaidi, maana kwetu kukataa chakula ni kama kumkataa aliyekipika. Nilipomtembelea shangazi yangu Kakamega alinipakulia ugali wa kuku mara ya pili kabla sijamaliza wa kwanza. Nilimshika mkono nikamwambia, "Shangazi, nimeshiba, na kuku wako ni mtamu. Nifungie hiki nikale Nairobi." Alinifungia, akaongeza na mayai. Hakukasirika. Niliogopa bure miaka yote hiyo.

Kikundi hakijavunjika. Wawili bado wameacha wanga kabisa na wanaona kunawafaa. Sina neno nao. Yule dada anakula kiazi kitamu chake mbele yetu, na daktari wake amempangia upya saa za kula. Picha zimepungua zenyewe.

Juzi usiku mwenyekiti alinipigia simu, nikadhani ni habari ya mchango. Aliuliza kijiko ninachopimia mafuta ni cha chai au cha mezani. Nikamwambia cha mezani, kimoja kwa sufuria nzima.