Kiwanja cha Chanika na sindano ya seli shina
Jumapili jioni nilialikwa kwenye kikao cha familia Mbagala. Mama mwenye nyumba, miaka hamsini na ushee, ana ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi; alikuwa ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi zinambana. Binti yake alimbonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu; kishimo kikabaki palepale hadi kaka mtu alipomaliza kutusomea ujumbe wa WhatsApp. Ulitoka kliniki moja ya nje: tutakutoa seli shina zako mwenyewe, tutazirudisha kwenye moyo, msuli utaota upya. Seli shina ni seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Ajenda ilikuwa kuuza kiwanja cha Chanika ili kulipia sindano hiyo.

Wenye matumaini hawajapotoka. Moyo haujijengi upya kama ngozi. Mtu akiwa na miaka 25, ni kama asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo wake zinazobadilishwa na mpya kwa mwaka, na umri ukisogea kasi hiyo hushuka. Vidonge vinaupunguzia moyo mzigo, msuli uliokufa haviufufui. Seli za mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kutoka kwenye uboho wa nyonga, mwili hauzikatai, kwa hiyo hahitaji dawa za kushusha kinga. Tena mwaka 2016 jaribio la seli za namna hiyo liitwalo ixCELL-DCM, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 100, lilionyesha vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo vikipungua kwa asilimia 37 kuliko kwa waliopewa sindano bandia isiyo na seli. Hilo si dogo.

Lakini jaribio kubwa zaidi la CHART-1, lenye wagonjwa 271, halikuona tofauti ya maana. Japani iliruhusu kwa masharti mwaka 2015 utando wa seli za msuli wa mgonjwa unaobandikwa juu ya moyo. Mwaka 2024 jopo la wizara likakataa kuupa idhini kamili. Na lipo linaloniuma. Piero Anversa, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alidai moyo wa mtu mzima una seli shina zinazozaa msuli mpya. Mwaka 2018 Harvard ilitaka makala 31 za maabara yake ziondolewe kwa kuwa na data za uongo. Mwaka uliofuata jarida la Lancet likafuta makala ya jaribio la SCIPIO, ambamo wagonjwa wa moyo walidungwa seli zao wenyewe kwa msingi wa madai hayo. Watu walitoa vifua vyao! Na hata pale nafuu inapoonekana, seli nyingi hupotea ndani ya siku chache. Zinachofanya zaidi ni kutoa kemikali za kutuliza uvimbe na kusaidia mishipa. Msuli kuota ni maneno ya tangazo.

Kwetu Dar kuna jambo jingine. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi, uliochapishwa mwaka 2014, uliwakuta na wastani wa miaka 55. Chanzo kwa asilimia 45 kilikuwa presha, asilimia 28 magonjwa ya misuli ya moyo. Mishipa ya moyo kuziba ilikuwa asilimia 9 tu, ilhali majaribio mengi ya seli shina yalifanyika kwa watu wa kundi hilo. Kwa moyo uliopanuka bila mishipa kuziba, jaribio dogo la Marekani la mwaka 2017, wagonjwa 37, liliona seli za mtu mwingine zikifanya vizuri kuliko za mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo napenda utafiti huu uje hapa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ishiriki, mioyo ya presha ipimwe. Ninachokataa ni mgonjwa kulipia jaribio kwa kiwanja chake.

Kikao kiliposimama niliomba mfuko wa dawa. Binti aliumwaga mkekani: Lasix, vidonge vya kutoa maji mwilini, zimebaki nne; kopo la karvedilo, dawa ya kuupunguzia moyo mzigo, tupu.

"Mama, hizi umemeza lini mara ya mwisho?"

"Tangu Idi, mwanangu. Nilijisikia nafuu, nikasema hela iende ada ya mjukuu."

Kaka mtu aliifunga simu. Alhamisi anampeleka kliniki, na dalali ameambiwa asubiri.