Sera ya Mazingira Isomwe Pembeni ya Fani Nyingine

Mwanafunzi wa uhandisi, sheria, uhasibu au ualimu katika vyuo vya Mbeya na Iringa akisema anapenda mazingira, wengi humwambia ahamie shahada ya mazingira. Maoni yetu ni kinyume: abaki alipo, na sera ya mazingira aisome kama fani ya nyongeza. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira haiandikwi na mtu mmoja anayejua "mazingira" kwa jumla. Inahitaji mtaalamu wa maji, wa viumbe, wa jamii, mwanasheria na mchumi, na kila mmoja anaitwa kwa sababu ya fani yake. Fani ya nyongeza inakusaidia kusoma sura aliyoandika mwenzako na kuona palipopinda.

Marekani mpango huu umezoeleka: kwa kawaida ni kozi tano au sita, uniti 15 hadi 18 katika shahada ya uniti 120 hivi. Huku kwetu haujazoeleka, kwa hiyo mara nyingi utajijengea mwenyewe kwa kutumia nafasi tatu ulizonazo: kozi za hiari, fildi, na andiko la mwaka wa mwisho. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua utangulizi wa ikolojia, utangulizi wa uchumi, utangulizi wa maendeleo, kisha wanamaliza. Mtu kama huyo atakueleza Mkataba wa Paris wa 2015 vizuri kabisa, lakini hajawahi kushika sheria ndogo ya kijiji hata kimoja.

Dawa yake ni kuanza na swali moja la mahali pamoja, kisha kozi zifuate swali. Kwa mwanafunzi wa Iringa hatujaona swali zuri kuliko vinyungu.

Vinyungu ni mashamba ya mabondeni ambayo wakulima wa Kilolo, Mufindi na Njombe hulima kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini: mahindi, maharage, mboga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Sasa piga hesabu. Mita 60 kila upande ni mita 120, bila kuhesabu mto wenyewe. Bonde lenye upana wa mita 90 limekwisha lote. Ukitoka hapo unakuta mteremko mkavu usiolimika mwezi wa Agosti. Kwa hiyo kanuni inayosomeka kama ukanda mwembamba wa hifadhi, kwenye mabonde membamba ya nyanda za juu inakuwa marufuku ya kilimo chote cha kiangazi.

Kifungu hicho kimoja kinakudai fani nne. Mwanasheria atauliza kama kilimo cha msimu ni shughuli "ya kudumu", na kama sivyo, nani athibitishe kwamba kinaathiri mto. Ataona pia kwamba kifungu hichohicho kinampa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli zinazoruhusiwa ndani ya hizo mita 60. Wanaobishana kuhusu vinyungu wengi hawafiki kwenye mstari huo. Mtaalamu wa udongo atatenganisha matuta yanayoacha maji yakae na mifereji inayokausha bonde, maana madhara yake hayafanani. Mchumi ataweka mahindi mabichi ya kiangazi upande mmoja, na upande wa pili maji ya Ruaha Mdogo yanayopita Iringa mjini, kuungana na Ruaha Mkuu na kuingia Mtera, halafu Kidatu, kwenye mitambo ya umeme. Wa sayansi ya jamii atauliza bonde ni la nani: wenye vinyungu wamerithi, wamekodi, au wamegawiwa na kijiji? Ukijibu moja tu kati ya haya, umeandika insha.

Lazima pia ujue kupima maji, hata kama unasoma sheria. Vibali vya kutumia maji hutolewa na bodi za maji za mabonde (ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya) kwa mujibu wa sheria ya maji ya 2009, na kiasi cha maji hutajwa kwa lita kwa sekunde. Asiyeweza kukadiria kiasi hicho hawezi kubishana na kibali. Njia rahisi ni hii. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka chenye urefu wa mita 10. Pima upana sehemu tatu, kina sehemu tano kutoka ukingo hadi ukingo, utafute wastani. Dondosha chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, pima sekunde hadi alama ya pili, rudia mara tano. Kasi ya juu ya maji izidishe kwa 0.85, kwa sababu chini na pembeni maji huenda polepole. Mfereji wenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 0.3, chungwa likitumia sekunde 25, unapitisha lita 122 hivi kwa sekunde. Anayepima kina katikati tu atapata zaidi ya kilichopo. Anayepima Februari atapata namba nzuri isiyo na kazi. Ugomvi wa maji uko Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba.

Usangu, bonde la mpunga mkoani Mbeya, inaonyesha gharama ya kutopima kiangazi. Banio la zege (kizuizi cha kugeuza maji ya mto kwenda mashambani) lililopangwa kwa maji ya msimu wa mvua linaweza kuchukua mto wote kiangazi. Kibali kinasema lita kadhaa, mto hauna lita hizo, na aliye juu anachukua kilichopo kihalali kabisa. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Kwa wahandisi wanaodhani biolojia ni pambo, mradi wa umeme wa maji wa Kihansi unatosha. Chura wa maporomoko yale aligunduliwa 1996 ujenzi ukiwa unaendelea. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, vinyunyizio vikawekwa ili kuigiza ukungu wa maporomoko, na bado mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Ugonjwa wa ukuvu nao ulihusika, ndiyo. Lakini kazi iliyopaswa kutangulia mradi ilifanyika mradi ukiwa umeshaota mizizi.

Kuhusu ratiba: kabla ya kuchagua kozi ya idara nyingine, soma masharti yake ya awali na ulinganishe vipindi na kozi zako za lazima. Kozi ya hiari inayogongana na maabara yako itakuletea sapu. Usichukue zaidi ya moja kwa muhula. Fildi iombe kwa afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya bonde, na uombe mapema. Huko ndiko utakakoona sheria ndogo ikitoka halmashauri ya kijiji, kwenda mkutano mkuu, hadi baraza la madiwani, na mahali inapokwama.

Andiko lako lizae muhtasari wa kurasa mbili kwa mkurugenzi wa halmashauri, kupitia afisa mazingira. Angalia kalenda hapa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini madiwani hujadili bajeti kati ya Januari na Februari, baada ya vijiji na kata kuleta vipaumbele vyao. Muhtasari unaokabidhiwa Juni, wakati wanafunzi wengi wanafunga maandiko yao, utasubiri bajeti ya mwaka unaofuata. Pima kiangazi, kabla chuo hakijafunguliwa, andika muhula wa kwanza, na karatasi iwe mezani kabla ya Krismasi.