Sikulia, Ilikuwa Shombo

Kwa kuwa Mnafiki wa kaunta ya pili ameshawatumia sauti ya dakika nne akidai nililia Stesheni ya Dar, ngoja mwenye tukio niseme. Kukwama nilikwama. Kulia sikulia.

Treni ya Pugu mnaijua, ya Mwakyembe kama tulivyozoea kuiita, kwa jina la waziri aliyezianzisha treni za mjini 2012. Asubuhi inatuleta mjini, jioni inaturudisha. Ukiikosa, foleni ya barabara ya Nyerere utaikaa mpaka usahau kama umeoa. Reli yenyewe Wajerumani waliianza 1905. Mabehewa sijui ya nani, ila aliyepima madirisha alimpima mtu asiyekula chipsi mayai.

Unarusha begi dirishani, linakushikia siti, unaingia mlangoni kistaarabu. Jana mlangoni palifurika kama siku ya watani wa jadi. Nikachungulia: begi langu limekaa peke yake kama bwana harusi. Nikaona isiwe tabu. (Wa Mbagala msinicheke, nyinyi na madirisha ni ndugu.)

Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa zamu, la kulia, la kushoto. Kitambi kikafika kwenye fremu, kikasema: mimi nashukia hapahapa.

Uso wangu ukasimama kiganja kimoja juu ya ndoo ya vibua, samaki wa soko la Feri. Vibua vinanitazama, navitazama. Behewa zima, ni wao tu waliokuwa hawacheki. Mama mwenye ndoo akaniangalia, akaiangalia ndoo.

"Baba, unanunua au unanusa?"

Pumzi ya kujibu sina. Huko nje miguu yangu imepata wafadhili: wa kiatu cha kulia wanasukuma, wa kushoto wanavuta, hawajafanya kikao. "Haya, moja, mbili..." Ya tatu sikuisikia, nilisikia praaa.

Kimya.

Kisha sauti ya mtoto: "Mama, nyekundu!"

(Ilikuwa damu ya mzee. Tuheshimiane.)

Nikiwa nimening'inia vile, mzee mmoja na mkongojo wake akaingia taratibu kwa mlango, mlango uleule, ambao sasa ulikuwa mweupe kwa sababu watu wote wamekuja kunitazama mimi. Akaligusa begi.

"La nani hili?"

"Langu. Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akalichukua, akaniwekea mgongoni, akakaa.

Machozi yale ni ya shombo, daktari yeyote atawaambia. Nikavutwa ndani, nikasimama mpaka Pugu nimejifunga kanga ya yule mama, mkononi vibua vya elfu tano ambavyo sikuvihitaji. Zile treni za SGR hapo jirani, kwenye jengo la umbo la tanzanite, madirisha yake hayafunguki. Nilikuwa naona ni maringo.

Mnafiki, kanga imefuliwa, ipo kwenye mfuko wa bluu. Kesho utampelekea wewe. Na umuulize mpiga picha wako kiatu changu cha kushoto kiko wapi.