Nani Anakula Matairi Yangu?

Jirani yangu Mmarekani siku hizi ananisalimia kwa mbali, na simlaumu. Alinikuta Jumamosi moja ya Januari, hapa Brooklyn Park, Minnesota, baridi digrii 20 chini ya sifuri, nimepiga magoti kwenye theluji mbele ya pikapu yangu ya umeme, nina senti moja mkononi, naichomeka kwenye tairi huku nasema peke yangu kwa Kiswahili. Wewe ungemwona mtu hivyo ungefikiri nini? Uganga, basi.

Kumbe mimi nafuata desturi za kwao. Hapa tairi linapimwa kwa sarafu. Unachukua ile senti yenye sura ya Rais Lincoln, unaigeuza kichwa chini, unaitumbukiza kwenye mfereji wa tairi. Meno yakimfunika sehemu ya kichwa, endelea na safari. Ukimwona kichwa kizima, tairi limekwisha, zimebaki sehemu mbili tu za inchi iliyogawanywa mara 32. Msiniulize kwa nini 32. Hawa ndio watu waliogoma kutumia milimita.

Tairi la mbele kulia, ukingo wa nje: Lincoln kazama mpaka kwenye nyusi. Nikajisifu. Katikati: kazama vizuri tu. Nikalala kifudifudi, theluji ikaingia shingoni, nikapeleka mkono ukingo wa ndani, kule ambako mwenye gari huwa hafiki mpaka yamkute. Lincoln akakaa wazi kama mzee wa barazani. Nikapapasa na kidole, kitu kikanichoma. Nikamulika na simu. Waya! Tairi ukilitazama kwa nje ni bwana harusi, kwa ndani ni kipara kinachotoa mifupa. Nikahamia la kushoto, nikakuta pacha wake. Ya nyuma yote mawili mazima.

Yametembea maili 14,000 tu! Matairi ya ile Corolla yangu ya zamani nilikaa nayo mpaka nikayapa majina.

Sasa mjue, hii pikapu niliinunua mkononi mwa mtu, na kilichonivutia ni kwamba haina gharama. Haina oili ya kubadilisha, haina plagi, haina mkanda wa injini, kwa sababu hata injini yenyewe haina. Nikasema mimi na mafundi sasa basi, tutaonana kwenye misiba. Na kweli, miezi 13 sikukanyaga gereji. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, maana zamani nilipopeleka Corolla kumwaga oili, yule fundi aliyelala chini alikuwa anaona na matairi, anayabadilisha nafasi, ya mbele yanaenda nyuma, ya nyuma yanakuja mbele. Nilikuwa nalipia oili, naangaliwa na miguu bure. Pikapu ya umeme haimwiti mtu chini. Inakufa kimyakimya huku juu skrini inawaka kama duka la simu Kariakoo.

Nikaanza kutafuta mchawi. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa upepo. Huku baridi ikishuka, upepo wa tairi nao unashuka, takriban psi moja kwa kila digrii tano na nusu za joto zinazopotea. Pikapu yangu inataka psi 48. Usiku unalala nazo, asubuhi unaamka na 43, taa ya njano inakukodolea macho kama mama mwenye nyumba tarehe mosi. Nikasema huyu hapa, nimemkamata.

Nikampigia mzee mmoja wa Eldoret tunayeswali naye Ijumaa, ameendesha malori ya masafa marefu miaka na miaka, sisi tunamwita Mzee Kontena. Akaja na koti lake kubwa, hakutaka hata chai kwanza. Akachutama, akapitisha kiganja juu ya tairi taratibu, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje, kama mtu anayepapasa ngozi ya ng'ombe mnadani.

"Kijana, hii si upepo," akasema. "Upepo ukiwa kidogo, tairi hulika kingo zote mbili. Ukizidi, hulika katikati. Ingekuwa shokapu zimekufa, ungeona mabonde mabonde. Hii yako imelika ndani peke yake, tena pande zote mbili za mbele. Hii ni alaimenti, magurudumu hayajanyooka."

"Lakini usukani umenyooka, mzee. Gari halivuti upande wowote."

"Litavuta vipi na pande zote mbili zimeharibika sawasawa? Ni kama ndoa. Mkikosea nyote wawili nyumba inatulia."

Mama watoto alikuwa dirishani. Sikujibu.

Mzee akanipa somo. Magurudumu yangu ya mbele yametazama nje kidogo, kama miguu ya bata. Gari linakwenda mbele, kila gurudumu linataka kwenda kwao, kwa hiyo tairi halibiringiki tu, linaburutwa pia, padogo sana, kila mzunguko. Hulioni kwa macho. Lakini zidisha kwa maili 14,000, tena chini ya gari la tani tatu na ushee, maana betri peke yake ni shehena. Halafu akasimama mbele ya pikapu, akarudi nyuma hatua nne, akaitazama kwa jicho moja.

"Na mbona limechuchumaa hivi?"

Hapo, ndugu zangu, moyo ukanidunda, maana jibu nilikuwa nalijua.

Pikapu hii haina springi, ina mabegi ya upepo, inapanda na kushuka yenyewe. Na kwenye skrini kuna kitufe cha kubana umeme. Ukikibonyeza, mota za nyuma zinalala, za mbele zinavuta peke yake, na gari zima linainama ili lisishindane na upepo barabarani. Masafa yanaongezeka. Mimi niliyekulia Temeke, mtoto wa nyumba yenye LUKU, niliyefundishwa kuzima taa ya chooni kabla sijatoka chooni, mniletee gari lenye kitufe cha kuokoa uniti halafu nisikibonyeze? Nilikibonyeza siku ya kwanza na sikukitoa tena. Wageni wakipanda nilikuwa nawaonyesha kabisa. "Hii hapa inabana." Najisikia waziri wa nishati.

Sasa gari likikaa chini muda wote, magurudumu yanabadilisha mkao. Juu yanaegemeana, chini yanapanuka, kama ndama aliyezaliwa leo asubuhi. Uzito wote unahamia kingo za ndani. Ongeza ile miguu ya bata. Ongeza kwamba mbele ndiko kunakovuta, ndiko kunakokata kona, na ukiachia mafuta (mafuta! mdomo haujazoea), mota hizohizo zinageuka breki ili zirudishe umeme kwenye betri, na breki hiyo nayo inapita kwenye matairi hayohayo mawili. Ya nyuma yalikuwa yanafuata tu, kama wapambe wa diwani.

Na kuna lile jambo la kwenye taa nyekundu. Mota ya umeme haisubiri kupandisha gia, nguvu yote unayo tangu gurudumu linaanza kuzunguka. Vijana wenye vigari vya chini wakinitazama kwa dharau, mimi baba wa watoto watatu nilikuwa nawaonyesha taa za nyuma. Hilo sikumwambia Mzee Kontena. Mama watoto alimwambia.

Usiku akachukua kikokotoo. Yeye ni nesi, hesabu za dozi hazimpigi chenga. Pikapu inakwenda kama maili mbili kwa uniti moja, kwa hiyo maili 14,000 ni uniti 7,000. Tuseme kitufe kiliokoa moja ya kumi, uniti 700. Umeme wetu senti 15 kwa uniti.

"Umeokoa dola 105," akasema.

Nikatabasamu.

"Tairi moja bei gani?"

Nikaenda kulala.

Jumatatu nikaenda kwenye duka la matairi. Kijana wa mapokezi, adabu zake zote, akaniuliza, "Mara ya mwisho kuzungusha matairi ni lini?" Nikamjibu, "Asubuhi hii. Nimekuja nayo yakizunguka." Hakucheka. Akaandika kitu kwenye kompyuta, na nina uhakika hakikuwa kizuri. Kumbe mwenzangu anatafuta tarehe, maana dhamana ya kiwanda inataka ushahidi kwamba ulikuwa unayabadilisha nafasi kila maili 5,000 hadi 7,500. Sina karatasi, sina dhamana. Safari ikaishia hapo.

Nikasema basi nipe mawili ya mbele. Akasema mapya mawili yakinunuliwa yanafungwa nyuma. Nikamwambia, bwana mdogo, yaliyokufa ni ya mbele. Akasema ndiyo, lakini mapya nyuma, ya nyuma yanakuja mbele, kwa sababu nyuma kukiteleza kwenye maji gari linageuka na wewe ndani. Nilibishana naye dakika nzima, halafu nikakumbuka lile daraja la kwenda kazini linavyokuwa na barafu, nikanyamaza. Mama watoto akapiga simu wakati huohuo, sijui nani alimwambia, akasema, "Weka manne." Manne yakawa.

Sasa kuchagua. Ubavuni mwa tairi langu imeandikwa 275/65R20. Ile 275 ni upana kwa milimita. Ile 65 ni urefu wa ubavu, asilimia 65 ya huo upana. Na 20 ni rimu, kwa inchi. Mmeona? Milimita na inchi zimelala kitanda kimoja, mstari mmoja, na hakuna anayeona aibu. Halafu inafuata 116, na hii ndiyo wengi tunairuka. Maana yake kila tairi limekula kiapo cha kubeba kilo 1,250. Kulikuwa na jingine zuri, bei ya chini, 112. Hilo ni kilo 1,120. Nikasema tofauti ya kilo 130 ni nini kati ya marafiki? Kijana akaniuliza gari lina uzito gani, abiria wangapi, na kama nabeba mzigo. Nikapiga picha kichwani ya safari ya Chicago. Kilo 130 ni mimi na mama mkwe tukiwa hatujala. Nikaliacha.

Roho yangu ilikuwa kwenye matairi ya kashata, yale ya meno makubwa, ili nionekane natoka Serengeti wakati nimefuata maziwa. Nayo yana kesi. Kashata zinakula masafa, na zinaimba. Kwenye gari la dizeli huzisikii, mngurumo unazifunika. Kwenye pikapu ya umeme kimya ni kama msikitini, tairi likiimba unapata kila ubeti. Kuna mengine yamebandikwa sponji ndani ya kumeza kelele. Raha sana, mpaka siku ya pancha, maana lazima sponji ikwanguliwe kwanza ndipo kiraka kishike.

Nikaangukia ya misimu yote, 116, yenye ile alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Kama unaishi kwenye baridi shika hiyo alama, usidanganywe na herufi M na S. Herufi zinaongelea jinsi meno yalivyochongwa tu, mlima ndio umefaulu mtihani kwenye theluji yenyewe. Dola 372 moja. Nilitamka bei kwa Kiswahili, nikazidisha kwa shilingi, nikajuta, nikarudi kwenye Kiingereza.

Mpaka hapo kulikuwa na rafiki yangu mmoja, kila dakika ananitumia picha za matairi ya mtumba, "mapya kabisa, kaka, nusu bei." Nikamwambia anisomee tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Akasoma 1417. Wiki ya 14, mwaka 2017. Mpya gani imezaliwa kabla ya mwanangu wa pili?

Alaimenti wakaipiga hapohapo, nikasimama juu yao kuhakikisha wanaipima gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, siyo limechuchumaa. Nikapewa karatasi ya rangi. Kijani maana yake sawa, nyekundu maana yake ndiyo maana uko hapa. Yangu ya kabla ilikuwa kama bendera ya klabu ya Msimbazi.

Kitufe nimekitoa. Karibu kila siku. Kuna siku barabara kuu inanyooka, hakuna anayeniona, kidole kinakwenda chenyewe.

Juzi shemeji yangu kapiga simu kutoka Temeke. Habari zilimfikia. "Shemeji, hayo ya zamani usitupe, kuna kontena linakuja."

Nikamwambia ya nyuma bado yana meno, ila ni rimu ya inchi 20.

"Noah yangu inavaa 15," akasema. Akanyamaza, namsikia anawaza. "Basi tuma yaliyokufa. Kuna mzee hapa anachonga katambuga."

"Yale ya mbele? Yamelika upande mmoja, shemeji."

"Mwambie mfungaji aandike upande wa nje ni upi, soli zikatwe huko. Sitaki kutembea kama gari lako."