Nilitaka Kuzungusha Koki Tu

Jamani mimi nilikuwa na kazi ya dakika tano. Kuna koki chini kwenye tumbo la boti, ile inayoingiza maji ya bahari yakapoze injini, ukiondoka unaifunga ukirudi unaifungua, ndo kazi yake hiyo. Yangu haijawahi kufungwa tangu ninunue boti. Uvivu upo sikatai, ila mpini umegoma, umegoma kama punda aliyeona mzigo unaongezwa.

Sasa boti imepandishwa nchi kavu, nikasema leo ni leo. Kwanza nijue nani aliiweka pale, maana naona waliiweka koki kwanza halafu ndo wakaijenga boti kuizunguka. Unaingiza kichwa kabatini, bega moja linabaki nje, tochi mdomoni, mkono ukifika jicho halioni, jicho likiona mkono haufiki, unachagua mwenyewe leo unataka nini.

Na washauri sasa! Ukiwa na shida huwaoni, ukishika spana wanakuja wote. Wa kwanza kasema tia mafuta ya kulainishia, acha usiku kucha. Nimetia siku nne, ngama nzima, kule chini kabisa ndani ya boti, inanuka gereji na koki wala haina habari. Wa pili kasema ipashe kwa moto wa gesi, koki ni ya brasi, na brasi ikipata joto inatanuka kuliko chuma, itaachia tu. Kweli inatanuka, ila hakukumbuka kwamba pembeni kuna mbao, mpira, na yale mafuta ya siku nne. Nywele za mkono wa kulia zimeenda zote. Wa tatu kasema chomeka bomba kwenye spana upate urefu. Nikachomeka la mita nzima, nikavuta, ikalia krrr, nikapiga kelele imeachiaaa!

Imeachia kweli. Mpini na shingo yake ninao mkononi, koki yenyewe imebaki palepale.

Hapo ndo nikaangalia palipovunjika. Nje kijani, sawa, shaba ndo ilivyo. Ndani pinki! Pinki kama ufizi wa mtoto. Nikakwaruza na bisibisi ikamomonyoka kama chaki. Kumbe brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, nyingine zinki inafika asilimia 40, na maji ya chumvi yanaifyonza ile zinki taratibu bila kelele, inabaki shaba yenye vitundu vitundu, sponji lenye umbo la koki. Aliyeniuzia boti aliniambia kwa kujiamini kabisa, brasi haishiki kutu mzee. Hakudanganya, haishiki kutu. Inaoza tu.

Nikapiga hesabu ambayo sikutakiwa kuipiga. Koki ikikatika baharini, tundu la inchi moja na nusu, nusu mita chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 imejaa wewe bado unauliza eti haya maji yanatoka wapi. Na mimi miaka yote nimelala juu yake nakoroma. Kile kizibo cha mbao kinachofungwa kwa kamba pembeni ya koki kwa ajili ya dharura, changu nilikuwa nakitumia kuzuia mlango usijifunge.

Haya, kung'oa. Koki imefungwa kwenye bomba linalopita ubavuni mwa boti, nati yake iko ndani, kichwa chake kiko nje, ukizungusha ndani na nje kunazunguka, lazima mtu ashike huko nje. Mke wangu akakaa chini ya boti na koleo.

"Umeshika?"
"Nimeshika!"
"Mbona kinazunguka?"
"Sikiliza baba, mimi nimeshika. Wewe ndo unazungusha huku umefumba macho?"

Nilikuwa nimefumba, kulikuwa na vumbi. Mwisho tukaleta grainda, dakika mbili kazi imekwisha, na hapa washauri wote watatu hakuna aliyewahi kutaja grainda.

Kununua mpya nako ni mtihani. Kuna bronzi, yaani shaba na bati, kuna brasi maalumu isiyoachia zinki kirahisi, kuna brasi ya mabomba ya bafuni, zote njano, zote zinang'aa, zote zinakuangalia kwa upole. Nikachukua bronzi, nikaipeleka kwenye bomba jipya la kupitisha ubavuni, ikaingia mizunguko mitatu ikakwama. Nikajua imeshagoma na hii! Kumbe koki ina hesi, ile mistari ya kuzungushia, ya Kimarekani, nyuzi 11 na nusu kwa inchi, bomba lina hesi ya Kiingereza, nyuzi 11. Nusu uzi! Watu wazima wameshindwa kuelewana kwa nusu uzi, anayerudi dukani ni mimi.

Ila imekaa. Silanti, ile gundi ya kuziba maji, imekauka, mpira umebanwa kwa klipu mbili, kizibo kimerudi kwenye kamba yake. Unaizungusha kwa kidole kimoja. Nimeifunga na kuifungua mara thelathini hivi bila sababu yoyote. Nikamwita mke wangu aje aone, akainama, akaizungusha, akatabasamu, halafu akamulika tochi upande wa pili wa injini.

"Na hii?"

Mpini uleule, kijani kilekile. Nikamwambia hiyo iache inapumzika.